Bobby Jones na fimbo moja iliyomkataa: mkono ulijua mbele ya mashine

Kati ya fimbo zote ambazo Bobby Jones alibeba uwanjani, moja ilimsumbua. Mmarekani huyo alishinda vikombe vyote vikubwa vya gofu vya wakati wake, na fimbo zake alizichagua mwenyewe, moja moja, kwa kuzitikisa mkononi. Hakuwa na mashine ya kuzipima. Lakini ile ambayo leo tungeiita fimbo ya namba 8 hakuelewana nayo.

Miaka mingi nyuma ya hapo, fimbo hizo zilipimwa kwa vyombo vya kisasa. Kulingana na kisa ambacho mafundi wa fimbo za gofu wanasimuliana mpaka leo, zote zilionekana kulingana, kana kwamba zimetoka katika kiwanda kimoja chenye vipimo vikali. Zote isipokuwa moja: namba 8.

Kisa hicho kinarudi kila mara ubishi unapoanza kati ya watu wa mchezo huu. Mchezaji anayetegemea hisia ya mkono wake, asiyejali hesabu, anahitaji kweli fundi amtengenezee fimbo kwa kipimo? Na mashine ikisema jambo moja, mkono ukisema lingine, nani aaminiwe? Swali hili lina uzito, kwa sababu seti ya fimbo kutoka kwa fundi inaweza kugharimu zaidi ya dola 1000 za Marekani. Mtu akikosea, anabaki na fimbo nzuri ambazo hataki kuzishika.

Mhandisi aliyecheza kwa hisia

Robert Tyre Jones, ambaye dunia ilimzoea kwa jina la Bobby, alizaliwa mjini Atlanta, kusini mwa Marekani, mwaka 1902. Hakufundishwa gofu darasani. Akiwa mtoto alimfuata na kumwangalia Stewart Maiden, mwalimu wa gofu aliyetoka Carnoustie huko Uskoti na kufanya kazi katika klabu ya East Lake, kisha akaiga namna yake ya kupiga. Mwili ulijifunza mbele ya akili.

Hata hivyo Jones hakuwa mtu asiyejua hesabu. Alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha Georgia Tech na kumaliza mwaka 1922. Kisha akasomea fasihi ya Kiingereza huko Harvard, na mwishowe akawa mwanasheria. Muda wote huo hakukubali kulipwa kwa kucheza gofu. Alikuwa mchezaji wa ridhaa, mwenye kazi yake nyingine.

Kati ya mwaka 1923 na 1930 alishinda mashindano makubwa 13. Mwaka 1930 alifanya jambo ambalo hakuna mwanaume mwingine aliyelirudia: katika mwaka mmoja alishinda ubingwa wa ridhaa wa Uingereza kule St Andrews, ubingwa wa wazi wa Uingereza kule Hoylake, ubingwa wa wazi wa Marekani kule Interlachen, na, tarehe 27 mwezi wa tisa, ubingwa wa ridhaa wa Marekani kule Merion. Kisha akaacha mashindano. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Kazi hiyo yote aliifanya kwa fimbo za mbao.

Mti wa hikori na kipande cha kioo

Fimbo ya gofu ina sehemu tatu. Kuna kichwa, kinachogonga mpira. Kuna mpini, ule mti mrefu unaounganisha kichwa na mikono. Na kuna mshikio, ngozi au mpira unaozungushwa mwishoni ili mkono usiteleze. Leo mipini ni ya chuma au ya nyuzi za kaboni. Wakati wa Jones ilikuwa ya hikori, mti mgumu wa Amerika Kaskazini unaopinda bila kuvunjika haraka.

Shida ya mti ni kwamba hakuna miwili inayofanana. Mmoja ni mgumu, mwingine ni mlegevu. Mmoja unajisokota kidogo unapopigwa, mwingine hapana. Fundi alichukua mti, akaukwangua polepole, mara nyingine kwa kipande cha kioo kilichovunjika, akaulainisha, akaujaribu, akaukwangua tena. Akizidisha, mti ulikuwa umeharibika, maana hakuna namna ya kurudisha kilichokwanguliwa.

Kwa hiyo mchezaji hakununua seti kamili kwa siku moja. Aliikusanya. Aliingia katika duka la fundi, akashika fimbo, akaitikisa mbele yake, akairudisha, akashika nyingine. Mtu yeyote aliyewahi kuchagua mpini wa jembe sokoni anaujua mwendo huo: unaunyanyua, unausikiliza mkononi, na unajua kama utalima nao siku nzima au utaumia. Jones alikusanya zake hivyo kwa miaka, na vichwa vingi vya chuma alivyotumia vilifuliwa na Tom Stewart, fundi wa St Andrews.

Wakati huo sheria haikuweka kikomo cha idadi. Wachezaji wengine walibeba zaidi ya 20. Kikomo cha fimbo 14 kiliwekwa na wakubwa wa gofu wa Marekani mwaka 1938, na Waingereza wakafuata mwaka 1939.

Fimbo iliyofungwa kamba

Mfano mzuri zaidi wa namna Jones alivyoamini mkono wake ni fimbo yake ya kusukumia mpira shimoni. Aliipata mwaka 1923 katika klabu ya Nassau, karibu na New York, kutoka kwa Jim Maiden, ndugu ya Stewart. Ilikuwa fimbo ya zamani, na ilipewa jina la Calamity Jane. Mpini wake ulikuwa umefungwa kwa kamba nyembamba ili ushikamane vizuri. Mwaka huohuo Jones alishinda ubingwa wake mkubwa wa kwanza nayo.

Baada ya miaka mitatu uso wa fimbo hiyo ulikuwa umelika kwa kusuguliwa kutu mara kwa mara. Mpira haukutoka tena kama zamani. Jones hakutafuta fimbo ya kisasa zaidi. Aliomba atengenezewe nyingine inayofanana na ile ile. Hiyo ya pili ndiyo aliyoitumia kushinda mashindano 10 kati ya 13, na leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la shirikisho la gofu la Marekani.

Kampuni ya Spalding ilipoanza kuuza nakala zake kwa watu wote, ziliwekwa hata zile kamba zilizofungwa kwenye mpini, ingawa mpini mpya haukuwa na ufa wa kufungwa. Wanunuzi walitaka fimbo yote, pamoja na kidonda chake.

Hapa ndipo kazi ya fundi wa vipimo inapoanza kweli. Mtu ana fimbo moja anayoiamini. Namna gani kuijua vizuri kiasi cha kutengeneza nyingine zinazofanana nayo?

Kupima kile ambacho mkono unasikia

Jibu la kwanza lilikuja wakati Jones alikuwa bado anacheza. Katika miaka ya 1920, Robert Adams, Mmarekani wa jimbo la Massachusetts, alitengeneza mizani ya pekee. Kulingana na historia ya kazi hiyo, alianzia kwenye fimbo za Francis Ouimet, kijana aliyekuwa mbeba fimbo za wengine kabla ya kushinda ubingwa wa wazi wa Marekani mwaka 1913 akiwa na miaka 20.

Mizani ya Adams haikupima uzito wa fimbo nzima. Ilipima namna kichwa kinavyovuta mkono. Fimbo inalazwa juu ya egemeo lililo umbali wa zaidi kidogo ya sentimita 35 kutoka mwisho wa mshikio, na mizani inaonyesha upande wa kichwa unavyoelemea. Fimbo mbili zenye kilo sawa zinaweza kuwa tofauti kabisa hapo. Moja inasikika nyepesi, nyingine inasikika kama nyundo. Mafundi wanaandika jibu kwa herufi na namba: fimbo nyingi za wanaume dukani ziko kati ya D0 na D2. Gramu 2 tu zikiongezwa kwenye kichwa, fimbo inapanda ngazi moja.

Gramu 2 ni kitu kidogo sana. Lakini wachezaji wenye mkono mwepesi wanaigundua tofauti ya ngazi mbili au tatu bila kuambiwa.

Jibu la pili lilikuja baada ya mbao kuondoka. Mipini ya chuma iliruhusiwa Marekani mwaka 1924 na Uingereza mwaka 1929. Wachezaji wengi waliichukia mwanzoni, na viwanda viliipaka rangi ya kahawia ili ifanane na mti. Lakini chuma kilikuwa na faida moja kubwa: mpini wa leo na wa kesho vinaweza kulingana. Jones mwenyewe, kisha kuacha mashindano, alifanya kazi na Spalding kutengeneza seti za chuma zinazolingana, zenye namba badala ya majina ya zamani ya Kiskoti. Mtu aliyekusanya fimbo zake moja moja kwa mkono alisaidia kuwapa wengine seti kamili iliyo tayari dukani.

Katika miaka ya 1970, Mmarekani mwingine, Joseph Braly, alichukua hatua zaidi. Alipanga mipini kwa kuhesabu mtetemo wake. Fundi anabana upande wa mshikio, anavuta kichwa kidogo na kukiachia. Fimbo inatikisika kwenda na kurudi, na chombo kinahesabu mara ngapi kwa dakika. Fimbo nyingi za chuma za wanaume zinatikisika karibu mara 300. Mpini ukiwa mgumu au mfupi zaidi, hesabu inapanda. Katika seti iliyopangwa vizuri, namba inapanda kidogo kidogo na kwa usawa, kutoka fimbo ndefu mpaka fupi.

Kipimo cha namna hiyo ndicho ambacho, katika kisa cha mafundi, kilifichua namba 8 ya Jones. Ilikuwa nje ya mstari. Mwili wake ulizoea mwendo mmoja, na fimbo moja ilikuwa na mwendo wake.

Digrii moja tu

Kwa nini tofauti ndogo hivyo inaleta shida? Hesabu yake si ngumu. Uso wa fimbo ukielekea pembeni kwa digrii moja tu wakati wa kugonga, mpira unaosafiri mita 150 unaanguka karibu mita 2 na nusu mbali na mstari, bila hata kuhesabu namna unavyopinda hewani. Digrii tatu, na mpira uko vichakani.

Mpini usiolingana na mwendo wa mkono unaleta kichwa kikiwa kimechelewa au kimewahi. Mchezaji mwenye hisia anaanza kusahihisha bila kujua: anakaza mkono, anapunguza mwendo, anageuza bega. Hilo ndilo hatari kubwa zaidi ya fimbo mbaya. Mchezaji hakosi mpira mmoja tu. Anajifunza kosa, kisha analibeba kosa hilo kwenye fimbo zake nzuri.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mpira unakaa juu ya uso wa fimbo muda wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wakati mkono unapopata habari, mpira umekwisha kwenda. Kwa hiyo hisia haiwezi kusahihisha pigo hilo. Kazi yake ni kufundisha pigo linalofuata. Na mwalimu anayepewa habari za uongo na fimbo atafundisha uongo.

Fundi viatu aliyegeuka fundi fimbo

Mtu aliyepeleka vipimo kwa wachezaji wa kawaida alikuwa Karsten Solheim, aliyezaliwa Bergen, Norwe, mwaka 1911, na kukulia Seattle, Marekani. Baba yake alikuwa fundi viatu, na yeye pia alifanya kazi hiyo mbele ya kuwa mhandisi wa kampuni ya General Electric. Alianza gofu akiwa na zaidi ya miaka 40. Fimbo yake ya kwanza ya kusukumia mpira aliitengeneza katika gereji ya nyumba yake huko California mwaka 1959. Ilipogonga mpira ilitoa mlio, na kutokana na mlio huo ikaitwa PING.

Fundi viatu anajua jambo ambalo muuzaji wa viatu anaweza kusahau: mguu wa mtu hauendi kwenye kiatu, kiatu ndicho kinaenda kwenye mguu. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Solheim ilianza kutumia alama za rangi kwenye fimbo. Mchezaji anapimwa urefu wake, na umbali kutoka kifundo cha mkono mpaka chini. Kutokana na vipimo hivyo viwili, anapewa rangi inayoonyesha pembe kati ya mpini na ardhi inayomfaa.

Pembe hiyo ni ya muhimu. Kwa mtu wa mkono wa kulia, fimbo ikisimama wima kuliko inavyofaa, mpira unaelekea kushoto. Ikilala sana, unaelekea kulia. Mtu mrefu mwenye mikono mifupi na mtu mfupi mwenye mikono mirefu hawawezi kushika fimbo moja kwa namna moja.

Leo kuna pia rada. Kampuni ya TrackMan ya Denmark, iliyoanza mwaka 2003, inatengeneza chombo kinachofuata mpira tangu unapogongwa: mwendo wake, pembe ya kupanda, namna unavyozunguka, mahali unapoanguka. Katika nchi tajiri, chumba cha fundi wa fimbo kina chombo cha aina hiyo, ukuta wa picha, na mamia ya vichwa na mipini ya kubadilisha.

Mkono pia unadanganya

Wapo wanaokwenda mbali sana upande wa hesabu. Mmarekani Bryson DeChambeau, aliyesoma fizikia chuoni, alijulikana kwa kucheza na fimbo za chuma zenye urefu mmoja wote, jambo ambalo karibu hakuna bingwa mwingine aliyelifanya. Ameshinda ubingwa wa wazi wa Marekani mara mbili, mwaka 2020 na 2024.

Upande wa pili yuko Mhispania Seve Ballesteros, aliyefariki mwaka 2011. Akiwa mtoto katika kijiji cha Pedreña alicheza kwenye mchanga wa ufuoni na fimbo moja tu, namba 3 ya zamani. Kwa fimbo hiyo moja alijifunza kupiga mpira juu, chini, karibu na mbali. Alishinda mashindano makubwa matano. Hakuna rada iliyompa mkono ule.

Lakini kutoka mfano wa Seve au wa Jones, si haki kusema kwamba kila mkono unasema kweli. Watu wengi wanachanganya hisia na sauti. Fimbo yenye mlio mtamu inasemwa kuwa na hisia nzuri, hata kama mpira haukufika. Wengine wanapenda fimbo kwa sababu ni mpya, au kwa sababu bingwa fulani anaitumia. Wengine wamezoea fimbo mbaya muda mrefu, na iliyo sawa inasikika kama kosa. Kosa la zamani ni kama kiatu kilichopinda: mguu umekwisha kukifuata.

Namna ya kumpima mtu wa hisia

Kwa sababu hiyo, fundi mzuri hafanyi kazi sawa kwa watu wote. Mchezaji anayependa hesabu anaweza kuwekwa mbele ya namba za rada. Mchezaji wa hisia akiwekwa hapo, anaanza kucheza na namba na kuacha kucheza na mpira. Baada ya dakika kumi anapiga kwa mwendo usio wake, na fundi anapima mtu mwingine.

Njia inayofaa inaanza na fimbo za mchezaji mwenyewe. Fundi anamwacha apige na zile za zamani, kisha anauliza swali moja: kati ya hizi, ni ipi unayoichukua ukiwa na hofu? Kila mchezaji ana moja. Hiyo ndiyo inayopimwa kwanza, kila kitu: urefu, uzito, mvuto wa kichwa, mtetemo wa mpini, pembe, unene wa mshikio. Kisha anauliza ni ipi inayobaki ndani ya mfuko. Hiyo pia inapimwa. Mara nyingi tofauti kati ya hizo mbili ndiyo jibu.

Kisha fundi anabadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Akibadilisha mpini na kichwa pamoja, mchezaji atasema ni nzuri au mbaya, lakini hakuna atakayejua sababu. Skrini inageuzwa ili mchezaji asiione. Alama ya kampuni na ugumu wa mpini inafunikwa. Fundi anaandika maneno ya mchezaji pembeni ya namba: nzito, imechelewa, imekufa, imeniacha. Baada ya mapigo mengi anaangalia kama maneno na namba vinakubaliana.

Na hatafuti pigo moja zuri zaidi. Pigo moja zuri linaweza kutoka kwa bahati. Anaangalia mapigo mabaya yameanguka umbali gani kutoka kwa mazuri. Fimbo inayomfaa mtu ni ile inayopunguza ukubwa wa makosa yake.

Vikikataa kukubaliana? Kama namba zinatofautiana kidogo tu, fundi mwenye hekima anaacha mkono uchague, kwa kuwa mchezaji ndiye atakayesimama peke yake mbele ya mpira. Kama tofauti ni kubwa, anamwomba atembee na fimbo mpya kwa siku kadhaa kwenye majani, mbele ya kulipa. Hisia inahitaji muda ili kuachana na mazoea.

Bila rada, bila chumba

Kwa msomaji wa Bukavu, Goma au Uvira, mambo haya yanaweza kuonekana ya mbali. Hata Lubumbashi, mji ambao mtaa wake mzima unaitwa Golf, wengi wanaopita mtaa huo kila siku hawajawahi kushika fimbo. Na kijana anayeanza mchezo huu katika nchi isiyo na maduka ya fimbo mara nyingi anaanza na fimbo ya mtu mwingine, iliyokatwa kwa kipimo cha mwili mwingine, kama koti la mitumba.

Lakini koti la mitumba linapelekwa kwa fundi cherehani, na fimbo pia inaweza kurekebishwa bila mashine ya bei kali. Mshikio uliokauka na kuteleza unafanya mkono ukaze, na ni sehemu ya bei ndogo zaidi kubadilisha. Utepe mwembamba wa risasi ukibandikwa nyuma ya kichwa unaongeza gramu 2 au 4, na ukikosea unauondoa, tofauti na hikori iliyokwanguliwa. Fimbo ndefu kupita kiasi inaweza kukatwa, ingawa mtu akumbuke kwamba kila inapofupishwa, kichwa kinasikika chepesi na mpini unakuwa mgumu zaidi. Mbele ya kukata, inatosha kushika chini kidogo kwa wiki mbili na kuona.

Hata mtetemo unaweza kulinganishwa kwa jicho: bana mwisho wa mshikio wa fimbo mbili zinazofuatana, moja baada ya nyingine, uzitikise, uangalie. Namba kamili haitapatikana, lakini ile iliyo mbali sana na wenzake inaonekana. Na daftari halina bei kubwa. Mchezaji akiandika kwa mwezi mmoja fimbo gani ilikosea na kwa upande gani, ataona kama kosa linamfuata yeye popote, au linakaa katika fimbo moja. Jones hakuwa na zaidi ya hapo, ila kumbukumbu ya mkono wake.

Mkono uliponyamaza

Kumbukumbu hiyo haikudumu. Mwaka 1948, akiwa na miaka 46, Jones alicheza gofu kwa mara ya mwisho. Alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, ambao madaktari waliutambua miaka kadhaa baadaye. Ugonjwa huo unaharibu mishipa polepole: nguvu zinapungua, na mikono inapoteza uwezo wa kusikia joto, baridi na maumivu. Mtu aliyechagua fimbo zake zote kwa hisia ya vidole alianza kutembea kwa fimbo za kuegemea, kisha akakaa katika kiti cha magurudumu.

Mwaka 1958 mji wa St Andrews ulimpa heshima ya kuwa raia wake. Mmarekani mmoja tu alikuwa ameipata mbele yake, Benjamin Franklin. Huo ni mji uleule ambako mwaka 1921, akiwa kijana mwenye hasira, Jones alishindwa kutoka katika shimo la mchanga na kujiondoa katikati ya mashindano. Alifariki tarehe 18 mwezi wa 12 mwaka 1971, mjini Atlanta.

Katika kisa cha mafundi, vyombo vilikuja kupima fimbo zake wakati vidole vyake havikuweza tena kusema chochote. Vilikuta kile ambacho vidole hivyo vilikwisha kusema miaka mingi mbele: hizi ni sawa, na ile moja, hapana.